Muulize Babu Fundi: Runinga ya kesho na waya wa kurudi

Katika toleo lililopita tuligusia kwa mistari michache mikutano ya kwanza ya vyombo vya habari vya kidijitali, ile ya miaka ya 1980 na 1990 ambapo watu wa runinga, simu, magazeti na kompyuta walikaa ukumbi mmoja kutabiri kesho. Barua zimekuja nyingi kuliko kurasa nilizopewa. Nimechagua hizi, na mbili nimezipunguza kwa sababu wenyewe waliandika vitabu.

Shikamoo Babu. Marehemu baba yangu alikuwa mhandisi wa runinga. Nikipanga vitabu vyake nimekuta kabrasha la mkutano wa mwaka 1994 kuhusu mustakabali wa habari za kidijitali. Kila ukurasa ni "barabara kuu ya habari", chaneli 500, kuagiza filamu kwa rimoti, kununua nguo ukiwa umekaa kwenye kochi. Intaneti imetajwa mara chache sana, tena pembeni. Je, hawakuwa wanaiona? – Binti wa Mhandisi

Marahaba mjukuu wangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Kabrasha hilo usilitupe. Mashine za enzi hizo zipo makumbusho, lakini makabrasha wenyewe waliyaacha vyumbani hotelini, na ndiyo yanayotuonyesha watu walifikiri nini kabla ya kujua mambo yangeishaje.

Waliiona. Kufikia 1994 hakukuwa na mhandisi wa maana asiyeijua intaneti. Ila waliihesabu kuwa ni kitu cha watu wa vyuo vikuu, cha maandishi matupu na cha bure, nao walikuwa wamekuja na pesa za kitu kingine.

Hukunitajia jina la mkutano wa mzee, na mwaka huo ilikuwa mingi. Uliovuma zaidi ulifanyika tarehe 11 Januari 1994 katika ukumbi wa Royce, Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, na Makamu wa Rais wa Marekani, Al Gore, alihutubia. Wakuu wa runinga, filamu, simu na kebo (runinga inayofika nyumbani kwa waya) walikaa pamoja, watu ambao kwa kawaida walikuwa wakizungumza kupitia mawakili wao. Hamasa ilikuwa juu kwelikweli. Desemba 1992 John Malone wa kampuni ya kebo ya TCI alikuwa ametangaza habari za chaneli 500, na hesabu yake haikuwa ya ndoto: chaneli moja ya analojia huko Marekani ilikula megahezi 6, na picha ikibanwa kidijitali, nafasi hiyohiyo inabeba chaneli kadhaa. Oktoba 1993 kampuni ya simu ya Bell Atlantic na TCI walitangaza kuungana. Februari 1994 ndoa ikavunjika kabla ya kufungwa. Kabrasha lako limetoka katikati ya homa hiyo.

Sasa nifanyie jambo moja. Tafuta ukurasa wenye mchoro wa mtandao wao. Naamini utaona mshale mnene unatoka kituoni kwenda nyumbani kwa mtazamaji, na kamshale kembamba kanarudi kutoka nyumbani kwenda kituoni. Wakati mwingine kamechorwa kwa nukta. Hako kamshale ndiko nilikozeeka nakafikiria.

Chukua ADSL, teknolojia ambayo baadaye ilipeleka intaneti kwenye mamilioni ya nyumba kupitia waya wa kawaida wa simu. Ilipobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1980 katika maabara za Bellcore, kituo cha utafiti cha kampuni za simu za Marekani, lengo lilikuwa filamu za kuagiza. Mpango wa mwanzo ulikuwa megabiti 1.5 kwa sekunde kwenda kwa mteja, kiasi kinachotosha video iliyobanwa kwa kiwango cha MPEG-1, yenye ubora wa kanda ya VHS, na kilobiti 16 hivi za kurudi. Mteja angerudisha nini zaidi ya namba ya filamu anayoitaka? Simlaumu aliyechora. Kiufundi ni akili safi kabisa, maana waya wa simu una mipaka, na ukiupa nguvu upande mmoja unaunyima upande wa pili. Lakini uamuzi wa nani anyimwe ulishafanywa na mtu aliyemwona binadamu kama mdomo wa kulishwa.

Nilikuwa fundi wa nyaya na sauti nyuma ya mapazia ya mikutano ya namna hii, kwa hiyo nayasema niliyoyaona. Kampuni moja, jina lake naliacha, ilijenga sebule nzima jukwaani: kochi, zulia, runinga kubwa. Mtoa maonyesho anabonyeza rimoti, filamu inaanza, ukumbi unapiga makofi. Rimoti ile haikuwa imeunganishwa na chochote. Nyuma ya pazia alikaa kijana mwenye vipokea sauti masikioni na rundo la mashine za kanda. Akisikia jina la filamu, anabonyeza. Mchana alikwenda kula, maonyesho yakasimama, na tukaambiwa seva "inaboreshwa".

Usidhani ni hila ya jukwaani tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika vitongoji vya Denver, kampuni za AT&T, TCI na US West walifanya jaribio la filamu za kuagiza ambapo wafanyakazi walichomeka kanda kwenye mashine kila agizo lilipoingia. Nalo lilikuwa na maana yake: walitaka kujua kama watu wangelipa, kabla ya kununua seva za bei ya ajabu. Time Warner ndio waliojenga kitu chenyewe, Orlando, Florida, Desemba 1994. Filamu, michezo, maduka, vyote kwa rimoti. King'amuzi chao kilikuwa karibu kompyuta kamili, kwa teknolojia ya Silicon Graphics. Mpango ulifika nyumba zipatazo 4,000, ukafungwa mwaka 1997. Ulifanya kazi, hilo lazima tuwape. Gharama ya kila nyumba ndiyo iliyoshindikana kubebeka.

Wakati huohuo, jibu la swali lao, kwamba watu watalipia nini, lilikuwa limeshaonekana kwingine, tena miaka kumi kabla. Ufaransa ilikuwa imesambaza Minitel tangu 1982, kimashine cha skrini na kibodi ambacho shirika la simu liliwapa watu bure ili watafute namba za simu humo badala ya kuchapa kitabu. Modemu yake ilipokea biti 1,200 kwa sekunde na kurudisha biti 75. Sabini na tano! Ni herufi kama saba kwa sekunde. Kupitia tundu hilo la sindano Wafaransa waliandikiana usiku kucha, wakachumbiana, wakagombana, na huduma za gumzo zikawa miongoni mwa zilizoingiza pesa nyingi kuliko zote. Minitel iliishi hadi Juni 2012. Huko Florida, kampuni ya magazeti ya Knight-Ridder ilifungua huduma ya Viewtron mwaka 1983, ikaifunga 1986 baada ya kupoteza takriban dola milioni 50. Wao walikuwa wanauza habari kwenye skrini. Wateja walipenda zaidi kutumiana ujumbe.

Haya yote yalijulikana mwaka 1994. Waliokuwa ukumbini walikuwa wameyasoma. Lakini mtu aliyekulia kwenye biashara ya kutangaza akiona watazamaji wanaongea wao kwa wao anadhani ni kelele za mapumziko.

Halafu miezi minne tu baada ya ule mkutano wa Los Angeles, tarehe 25 hadi 27 Mei 1994, watu wapatao 380 walikusanyika CERN, maabara ya fizikia pale Geneva, katika mkutano wa kwanza wa kimataifa wa Wavuti (kurasa za mtandaoni zinazounganishwa kwa viungo) ulioandaliwa na Robert Cailliau. Walioomba nafasi walikuwa karibu maradufu. Mwaka mmoja nyuma, 30 Aprili 1993, CERN ilikuwa imeiachia Wavuti itumike na yeyote bila malipo wala kibali. Kama unataka kujua mwaka 1994 ulikuwa mwaka gani, weka kabrasha la Los Angeles kulia na la Geneva kushoto. Kule walikuwa wakigawana nani atamiliki hiyo barabara kuu ya habari. Huku walikuwa wakibishania namna ya kuandika ukurasa.

Babu, kijana wangu wa kidato cha tatu ameniuliza CD-ROM ilikuwa nini hadi watu wakaifanyia mkutano mzima. Nimeshindwa kumjibu bila yeye kucheka. – Mama wa Watatu

Mwache acheke kwanza, halafu mpe hesabu hii.

CD-ROM ni diski ya CD iliyojazwa data za kompyuta badala ya muziki. Machi 1986 Microsoft iliitisha mkutano wake wa kwanza mjini Seattle. Diski ngumu ya kompyuta ya ofisini wakati huo ilikuwa na megabaiti 10 au 20. Diski ile ya plastiki ilibeba takriban 650. Mtu wa kamusi, sheria au tiba alipoisikia namba hiyo alipata kizunguzungu, na kwa haki. Ensaiklopidia ya Grolier ilikuwa tayari imo ndani ya diski moja tangu 1985, maneno yote, na nafasi kubwa ikabaki tupu.

Tatizo lilianza walipotaka picha zinazotembea. Mwambie kijana akokotoe: picha ya nukta 640 kwa 480, baiti tatu kila nukta, picha 30 kwa sekunde. Atapata kama megabaiti 27 kila sekunde. Kwa hiyo ndani ya diski nzima inaingia video ya sekunde 24 hivi. Sasa kasi ya kusoma diski za kwanza ilikuwa kilobaiti 150 kwa sekunde, maana yake sekunde hizo 24 zingechukua zaidi ya saa nzima kutoka. Akimaliza hesabu hatacheka tena.

Ndiyo maana mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa pili hukohuko Seattle, watafiti wa maabara ya David Sarnoff ya RCA walipoonyesha mfumo wa DVI, unaobana video ya zaidi ya saa moja kwenye diski moja, watu walitoka wakiamini dunia imebadilika. Hawakukosea sana. Kubana picha ndiko kulikobadilisha dunia. Diski ilikuwa abiria tu. Philips na Sony walitangaza CD-i yao (diski ya kutazamwa na kuchezwa kwenye runinga) kwenye mkutano wa 1986, na mashine yenyewe ikafika madukani 1991, ikiwa imechelewa kwenye sherehe yake yenyewe.

Na diski, usisahau, haina waya wa kurudi kabisa. Ni ya kusoma tu. Ensaiklopidia ya Encarta ya Microsoft, iliyotoka 1993, ilikuwa kazi nzuri yenye sauti na ramani, na mimi niliipenda. Ilifungwa 2009. Wikipedia ilianza 15 Januari 2001 bila filamu hata moja, ila kila ukurasa ulikuwa na mahali pa kubonyeza ili ubadilishe ulichosoma.

Jambo moja la heshima kwa watu wale, kabla sijasahau. Novemba 1985 wawakilishi wa makampuni shindani walikutana katika hoteli ya High Sierra, Lake Tahoe, wakakubaliana namna moja ya kupanga mafaili ndani ya diski. Makubaliano hayo yakawa kiwango cha ISO 9660 mwaka 1988. Ukiichomeka leo diski ya enzi hizo kwenye kompyuta mpya yenye kisomeo cha diski, orodha ya mafaili itatokea. Programu zilizomo huenda zikakataa kufunguka, lakini mlango utafunguka. Kati ya yote yaliyowahi kuamuliwa kwenye hoteli, hilo nalipa alama za juu.

Ni kweli kwamba Wavuti ilikataliwa kwenye mkutano? – Mbishi

Makala yake ilikataliwa. Ulikuwa mkutano wa Hypertext wa Desemba 1991, San Antonio, Texas. Tim Berners-Lee, aliyeibuni Wavuti, na mwenzake Robert Cailliau walipeleka makala, wakaambiwa haitoshi, wakaruhusiwa kuja na meza ya maonyesho tu. Ukumbi wa hoteli haukuwa na intaneti. Mkutano wa wataalamu wa kuunganisha maandishi, na hakuna aliyehitaji kuunganishwa na nje! Ilibidi wamwombe msimamizi wa hoteli avute laini ya simu hadi ukumbini, na modemu waliyotoka nayo Uswisi ifunguliwe na kuungwa upya ili ikubali umeme wa Marekani, ndipo wakaonyesha kazi yao. Kama fundi, hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda. Mifumo mingine mingi iliyoonyeshwa pale ilikuwa mizuri kuliko wao: viungo vinavyokwenda pande zote mbili, hifadhidata safi, hakuna kiungo kinachokatika. Ya kwao ilikuwa na viungo vinavyokatika kila siku, na waya unaotoka nje ya jengo.

Babu, kwa heshima zote, wewe ni mwepesi wa kuwacheka wenzio. Leo hii mimi naagiza filamu kwa rimoti, nanunua nguo nikiwa kwenye kochi, na chaneli ni zaidi ya 500. Walichotabiri kimetimia chote. Kosa lao ni lipi? – Mhandisi Mwenzio

Karibu, mwenzangu, barua yako ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote.

Umesema kweli, na naongeza. Netflix iliundwa 1997, ikaanza kutuma diski kwa posta 1998, na ikaanza kupeleka filamu mtandaoni Januari 2007, na hiyo ni ndoto ya Orlando neno kwa neno. Roger Fidler wa Knight-Ridder, kampuni ileile iliyoungua na Viewtron, alikuwa na maabara Boulder, Colorado, na mwaka 1994 walitoa video inayoonyesha gazeti kwenye kibao chembamba cha kugusa. Ukiitazama leo utadhani imepigwa juzi. Mkutano wa kwanza wa TED (teknolojia, burudani na usanifu), Monterey, Februari 1984, ulionyesha diski ya CD na kompyuta ya Macintosh iliyokuwa na wiki chache tu sokoni. Mkutano huo ulipata hasara na haukurudiwa hadi 1990. Vitu vilikuwa sahihi. Walioviona mapema walilipa.

Ninachobishana nacho ni mahali walipoweka uzito. Filamu ya rimoti ilikuja, lakini ilipanda gari la watu wengine. Ilisafiri juu ya mtandao uliokwisha kujaa barua pepe, gumzo, kurasa za watu binafsi na nyimbo za kugawana. Mtandao ule ulilipiwa na watu waliotaka kusema. Makampuni yalijaribu kuujenga kwa ajili ya watu wanaotaka kutazama tu, na hesabu zikakataa, kule Orlando na kwingineko.

Na sisemi kwamba hakuna aliyeliona hili. Tarehe 9 Desemba 1968, San Francisco, mhandisi Douglas Engelbart alikaa jukwaani kwa dakika 90 mbele ya watu kama elfu moja, akaonyesha kipanya, maandishi yenye viungo, na watu wawili wakihariri waraka mmoja wakiwa mbalimbali. Kompyuta ilikuwa Menlo Park, kilomita karibu 50 kutoka ukumbini. Picha ilikuja kwa mawimbi ya maikrowevu. Na alichobonyeza yeye kilirudi Menlo Park kupitia modemu za baudi 1,200 walizojitengenezea wenyewe. Wewe ni mhandisi, huhitaji nikueleze kwa nini sehemu hiyo ya pili ilinikosesha usingizi nilipoisoma mara ya kwanza. Bila ule waya mwembamba, onyesho lote lingekuwa sinema.

Kwa hiyo siwacheki. Nawasuta, na kusuta ni kwa watu unaowathamini.

Mzee mwenzangu, mimi nilikuwa mhariri wa gazeti miaka hiyo na nilihudhuria mikutano kadhaa. Hadi leo vijana wananiuliza: nani aliamua kwamba habari mtandaoni zitolewe bure? Nawaambia sijui. Wewe wajua? – Mhariri Mstaafu

Mwenzangu, hakuna aliyeamua, ndiyo maana hukumbuki kura ikipigwa. Kila mtu alikuwa akimtazama jirani.

Oktoba 1994 Time Warner walifungua Pathfinder, mlango mmoja wa majarida yao yote. Mwezi huohuo, tarehe 27, HotWired, tovuti ya jarida la Wired, ilifunguliwa ikiwa na matangazo ya mstatili ya nukta 468 kwa 60, na moja lilikuwa la AT&T. Watu walilibonyeza kwa wingi kwa sababu halikuwa limewahi kuwepo jambo kama hilo. Wakuu wakaona picha ileile ya runinga: habari bure, tangazo linalipa. Pathfinder ilizimwa 1999. Wapo waliotoza tangu mapema, na hili watu hulisahau. Gazeti la biashara la Wall Street Journal walikuwa wakitoza kufikia 1997, na wasomaji wakalipa, maana waliosoma walikuwa wakisoma kwa ajili ya pesa zao wenyewe. Kwa hiyo hoja kwamba msomaji wa mtandaoni halipi haikuwahi kuwa kweli yote.

Lakini nikwambie nilivyoona mimi, na unisahihishe wewe uliyekuwa ndani. Mikutanoni mlibishana sana kuhusu habari, iwe bure au ya kulipia, na huku kidonda kilikuwa kwenye kurasa za nyuma. Matangazo madogomadogo: nyumba za kupanga, kazi, magari. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakilipa mishahara, na hakuna mtu aliyeyapandisha jukwaani kwa sababu hayana heshima. Mwaka 1995 Craig Newmark alianza orodha yake ya barua pepe kule San Francisco, iliyokuja kuwa tovuti ya Craigslist, na Septemba mwaka huohuo Pierre Omidyar akafungua mnada uliokuja kuitwa eBay. Wote wawili hawakuandika habari hata moja. Walimpa msomaji mahali pa kuandika tangazo lake mwenyewe na kulibadilisha mwenyewe bila kupita dirishani kwa karani. Gazeti lilikuwa na waya wa kurudi siku zote, ulikuwa ni yule karani wa matangazo madogo. Mkamwacha aende.

Najua utanijibu kwa barua ndefu. Naisubiri.

Shikamoo Babu. Ofisi inanituma kwenye kongamano la mustakabali wa vyombo vya habari, mada kuu akili mnemba. Ni mara yangu ya kwanza. Nisikilize nini ili nisirudi na mabegi na kalamu tu? – Mtayarishaji Chipukizi

Marahaba mwanangu. Kalamu zichukue, zinasaidia.

Hotuba ya ufunguzi nenda usikilize, lakini andika vitenzi tu. Andika mtu wa kawaida amepewa vitenzi gani: atapokea, atafurahia, atachagua, atapendekezewa? Au ataandika, atakataa, atarekebisha, atauliza? Mwishoni mwa hotuba hesabu. Utashangaa.

Kwenye meza za maonyesho usikubali kuonyeshwa mfano walioutayarisha. Nenda na maandishi yako, lugha yako, sauti uliyoirekodi mwenyewe penye makelele, uombe waiingize. Wakisema mfumo wa leo ni wa maonyesho tu, shukuru kwa adabu na uulize lini unaweza kurudi. Chungulia nyaya zinakwenda wapi. Sisemi kwa mafumbo, inama uangalie. Siku hizi kijana wa nyuma ya pazia huenda yuko nchi nyingine akisahihisha majibu ya mashine, kwa hiyo uliza waziwazi kama kuna watu wanaofanya kazi hiyo na wangapi.

Vyumba vidogo visikupite. Mabango yaliyobandikwa kwenye korido, watu wawili waliokosa ukumbi, makala zilizopewa meza badala ya jukwaa. Nenda saa ya chai, wakati wakubwa wapo kwenye picha. Muulize mwenye bango amekwama wapi; mtu wa jukwaani hatakwambia amekwama wapi, ila huyu atakwambia hata kama hukumuuliza.

Angalia pia nani hayupo. Ukitazama orodha ya wazungumzaji, mtafute mtu wa idara inayoonekana duni: anayejibu simu za wasomaji, anayepokea malalamiko, anayeuza matangazo madogo. Kama hayupo hata mmoja, andika hivyo kwenye ripoti yako kwa bosi.

Ukipata nafasi moja ya kushika kipaza sauti, uliza hivi: mtazamaji au msomaji akitaka kuijibu mashine yenu, au kuisahihisha, anapitia wapi, na alichosema kinahifadhiwa na nani? Andika wanachojibu, hata kama watakwambia ni swali zuri halafu wakapita.

Programu ya mkutano iliyochapwa irudi nayo nyumbani. Na nenda na daftari la karatasi, maana Wi-Fi ya mikutano ya teknolojia sijawahi kuiona ikifika saa sita mchana.